Mota Chini ya Kiti

Mwaka 1959, katika jiji la Baltimore, Marekani, mvulana wa miaka 13 alizunguka ukumbi wa sinema akikagua viti, kimoja baada ya kingine. Hakuwa amedondosha kitu. Alikuwa anatafuta kiti chenye waya. Mvulana huyo, John Waters, baadaye akawa mwongozaji wa filamu, na kisa hicho amekisimulia mara nyingi kwa furaha ya mtu anayekumbuka sikukuu ya utotoni. Alikuwa amesikia kwamba filamu iliyokuja mjini, The Tingler, haiishii machoni. Inakugusa. Ila haimgusi kila mtu. Viti vilivyofungwa mashine vilikuwa vichache, na aliyekaa pengine aliambulia kuwatazama wenzake wakiruka.

Mashine yenyewe ilikuwa mota ndogo ya umeme, iliyofungwa kwa chini, mahali ambapo watoto hubandika ubani waliokwisha kuutafuna. Mota hizo zilikuwa masalia ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zilizotumika kuondoa barafu kwenye mabawa ya ndege. Waya zake zilipita sakafuni hadi kwa mwendesha projekta. Ikifika sehemu fulani ya filamu, anabonyeza. Kiti kinanguruma, na mtetemo unapanda uti wa mgongo wa aliyekikalia. Haikuwa shoti ya umeme, ingawa wengi waliapa kwamba walipigwa shoti.

Aliyebuni jambo hilo ni William Castle, mzaliwa wa New York, aliyekuwa ameongoza filamu nyingi za bei rahisi bila jina lake kukaa midomoni mwa watu. Mwaka 1958 aliweka nyumba yake rehani akatengeneza filamu ya kutisha iliyoitwa Macabre. Kwa kuwa hakuwa na nyota wa kuwavuta watu, alitafuta kivutio nje ya filamu: kila mnunuzi wa tiketi alipewa hati ya bima ya Lloyd's ya London, inayoahidi dola 1,000 kwa warithi wake endapo angekufa kwa hofu akiwa ukumbini. Wauguzi walisimama mlangoni. Magari ya kubebea maiti yaliegeshwa nje. Watu walijaa, nyumba ikakombolewa.

Mwaka uliofuata, katika House on Haunted Hill, alipitisha kiunzi cha mifupa juu ya vichwa vya watazamaji kwa waya. Watoto wakakifanya shabaha ya manati na maboksi ya bisi, jioni baada ya jioni. Nadhani ni katika vurugu hizo Castle alikiona kile ambacho wengi waliomfuata kwa mashine za ghali zaidi hawakukiona. Watoto wale hawakuogopa mifupa hata kidogo. Lakini walikuwa wamesimama, wanapiga kelele, wamegeukiana. Ukumbi mzima ulikuwa umekuwa kitu kimoja.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, wazo la mota lilimjia usiku alipokuwa akibadilisha balbu ya taa ya kitandani, ikampiga shoti. Kisa cha The Tingler tayari kilikuwa kinahusu mgongo. Daktari mmoja, ambaye sehemu yake ilichezwa na Vincent Price, anagundua kwamba kila binadamu ana mdudu kwenye uti wa mgongo, anayekua mtu anapoogopa na anayeweza kuuvunja. Kinachomlegeza ni kimoja tu: kupiga mayowe. Ndiyo maana anayekufa ni mke wa mwenye ukumbi wa sinema za kimya, mwanamke kiziwi asiyeweza kutoa sauti. Anakufa bafuni, mbele ya bomba linalotiririsha damu, na hapo Castle alifanya jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Filamu ni nyeusi na nyeupe, lakini damu ni nyekundu. Walipaka bafu lote rangi za kijivu, wakampaka na mwigizaji kijivu, wakapiga picha kwa mkanda wa rangi.

Kisha mdudu anatoroka, anaingia katika ukumbi ule wa sinema za kimya wakati watu wamekaa wanatazama. Sasa fikiria wewe umekaa Baltimore au Chicago, mwaka 1959, unatazama filamu ambayo ndani yake kuna watu wamekaa kama wewe, wanatazama filamu. Ghafla mkanda wao unakatika. Skrini yao inabaki nyeupe, na hiyo ndiyo skrini yako pia. Kivuli cha mdudu mwenye miguu mingi kinatambaa juu yake. Halafu giza. Giza la kweli, si la kwenye picha tu. Sauti ya Vincent Price inasikika ikiwaambia mdudu yuko humu ndani, kwa hiyo pigeni mayowe, pigeni mayowe kwa kadiri mpendavyo uhai wenu. Na mwendesha projekta anabonyeza.

Watu wachache wanaruka kutoka vitini. Mmoja safu ya tatu, mwingine kule nyuma karibu na nguzo. Hawajui kama wenzao wamehisi kitu au la. Kwenye baadhi ya kumbi kulikuwa pia na mwanamke aliyelipwa azirai, akabebwa kwa machela. Na ambaye kiti chake hakikutikisika hata kidogo alisikia yowe la kweli hatua mbili kutoka alipo, gizani, kutoka kwa mtu asiyemfahamu. Huyo hakuhitaji mota.

Siamini kwamba uchache wa mota ulikuwa kasoro ya filamu ile. Gharama ilikuwapo, ni kweli, na kumbi nyingi ndogo hazikufungiwa hata moja. Lakini kama kila kiti kingetikisika kwa pamoja, kila mtu angejua papo hapo kwamba ni mashine. Angecheka, angeangalia chini, basi. Castle alitegemea kutokujua. Aliwatia mtetemo wachache, wengine akawaachia binadamu wenzao.

Nalijua jambo hili kwa makalio yangu, kwa sababu nimekulia kwenye kibanda umiza. Msomaji aliyekua uswahilini hahitaji kuelezwa jina hilo limetoka wapi. Televisheni moja juu ya kabati, deki chini yake, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie na asiyelipa asichungulie. Na mabenchi. Ya kwetu yalikuwa mbao ndefu zilizopigiliwa misumari juu ya vigingi vilivyochimbiwa ardhini, hazina pa kuegemea, na kila ubao walibanana watoto kumi au zaidi. Mbao hizo zilikuwa nyembamba, zimeshaanza kupinda katikati. Mtu wa mwisho akijisogeza, wa mwanzo anajua.

Siku waliyoweka Anaconda tulibanana hadi wengine wakakaa chini, kati ya magoti yetu. Mkanda ulikuwa umetafsiriwa, na anayetafsiri alikuwa anatuambia mapema kabisa, kwa sauti ya kunong'ona, kwamba nyoka yuko hapo chini ya maji, huyu bwana hajui, huyu bwana anakwenda kuliwa. Nilikuwa nimekaa karibu na mwisho wa ubao. Sikumwona nyoka alipotoka, kwa sababu nilikuwa nimefumba macho kwa ujanja wa kitoto, nikidhani asiyeona haogopi. Nilichokipata ni ubao. Mtu wa katikati aliruka, ubao ukapanda, sote tukapanda nao na kushuka kwa kishindo, na kabla sijafumbua macho nilikuwa tayari ninapiga kelele. Mpaka leo nikimfikiria nyoka yule, kinachokumbuka kwanza ni mgongo.

Watafsiri wale walistahili heshima kuliko waliyopewa. Lufufu kwetu Tanzania na DJ Afro kule Kenya walikuwa wanafanya kazi ile ile ya sauti ya Vincent Price gizani: kumgeukia mtazamaji na kumwambia, wewe uliyekaa hapo, hili linakuhusu.

Tamaa ya kuifanya filamu ishike mwili ni ya zamani karibu sawa na filamu yenyewe. Mnamo 1905 George Hale, aliyekuwa mkuu wa zimamoto wa Kansas City, alianza kuwakalisha watu ndani ya behewa la bandia na kuwaonyesha picha zilizopigwa kutoka mbele ya garimoshi, huku behewa likiyumba, upepo ukivuma na magurudumu yakisikika. Wakaja wa harufu. Desemba 1959 ilionyeshwa New York filamu ya safari ya China, Behind the Great Wall, harufu zikipulizwa kupitia mitambo ya hewa ya ukumbi. Wiki chache baadaye, Januari 1960, ikafunguliwa Chicago Scent of Mystery, ambayo ilitumia mfumo wa Hans Laube, Mswisi aliyehangaika na suala hilo kwa zaidi ya miaka 20. Mirija ilifikisha harufu 30 kwenye viti, moja baada ya nyingine.

Zote mbili zilishindwa, na sababu ni ya kawaida sana, anaijua mpishi yeyote. Harufu ni rahisi kuileta, kuiondoa ndiyo kazi. Picha hutoweka kwa kufumba na kufumbua, lakini harufu ya machungwa inaning'inia, inakutana na ya moshi, zinaungana kuwa kitu kisichokuwemo kwenye filamu yoyote. Waliokaa roshani harufu iliwafikia wakati kisa kimeshasonga mbele, na mirija ilitoa sauti ya kupuliza iliyowaondoa watu kwenye hadithi.

Aliyelipatia jibu ni yule mvulana wa Baltimore. Mwaka 1981 John Waters alitoa Polyester, na kila mtazamaji alipewa kadi yenye namba 10. Namba ikitokea kwenye skrini, unakwaruza duara lake na kunusa. Harufu nyingine ni nzuri, nyingine ni za kuudhi makusudi. Kadi ni ya bei ndogo, haichelewi, haipulizi. Lakini utamu wake, kwa mtazamo wangu, ni ule wa watu mia tatu kuinamisha vichwa kwa pamoja, kukwaruza, na kisha kuguna kwa pamoja. Waters hakuwa amekisahau kiti alichokitafuta.

Jaribio kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilifanywa kwa sauti.

Alfajiri ya tarehe 9 Februari 1971, tetemeko la ardhi liliupiga upande wa kaskazini wa Los Angeles na kuua watu zaidi ya 60. Hospitali zilianguka, madaraja ya barabara kuu yakakatika. Miaka mitatu baadaye kampuni ya Universal ikatengeneza filamu ya tetemeko katika jiji hilo hilo, Earthquake, iliyoongozwa na Mark Robson, Charlton Heston akiwa ndiye steringi. Waandaaji walijua kwamba picha za majengo yanayoporomoka hazitoshi, hasa kwa watu ambao miili yao bado inakumbuka. Lilitolewa wazo la kuwadondoshea watazamaji vipande vya plasta bandia kutoka darini. Likakataliwa, watu wasije wakaumia. Ndipo mafundi wa sauti wakaja na kitu walichokiita Sensurround.

Sikio la binadamu huanza kusikia sauti kwenye mitetemo kama 20 kwa sekunde. Chini ya hapo husikii, ila kama nguvu ni kubwa ya kutosha, kifua kinapokea. Suruali inapeperuka miguuni. Tumbo linajua kuna jambo. Sensurround ilifanya kazi kwenye mpaka huo, baina ya kusikia na kuguswa. Spika kubwa mno, zilizotengenezwa na kampuni ya Cerwin-Vega, zilipangwa chini ya skrini na nyuma ya ukumbi, na mara nyingi safu nzima za viti ziling'olewa ili zipate nafasi. Mngurumo wenyewe haukuwa umerekodiwa kwenye mkanda. Mkanda ulibeba ishara tu, na ishara hiyo ikifika, mtambo ulioko ukumbini unazaa mngurumo wake, hapo hapo, kadiri ulivyoamriwa. Wenye kumbi walikodishiwa mitambo kwa dola 500 kwa wiki.

Filamu ilitoka Novemba 1974. Pale Hollywood, katika ukumbi maarufu wa Grauman's Chinese Theatre, dari ni la kale, lina mapambo ya plasta. Spika zilipowashwa, plasta ikaanza kuonyesha dalili ya kubanduka. Ikabidi watandaze wavu juu ya vichwa vya watazamaji ili udake vipande. Kwa hiyo watu wa Los Angeles waliingia kutazama jiji lao likianguka, wakainua macho, wakauona wavu. Hakuna mwandishi wa filamu ambaye angebuni kitu cha kutisha kuliko wavu ule. Waandaaji walikuwa wamekataa plasta ya bandia, na sasa ya kweli ilikuwa inaning'inia.

Filamu ilipata tuzo ya Oscar ya sauti. Lakini mngurumo hauna adabu ya kubaki chumbani kwake. Miaka ile kumbi kubwa zilikuwa zinagawanywa kuwa kumbi ndogo zinazopakana, na inasimuliwa kwamba waliokuwa wakitazama The Godfather Part II upande wa pili wa ukuta walipata tetemeko wasilolilipia. Universal ikautumia mfumo huo kwa filamu nyingine chache, zikiwamo Midway ya 1976 na Rollercoaster ya 1977, kisha ukaachwa. Spika zilikula viti vya kuuza, majirani walilalamika, na kila mmiliki wa jengo alijua bei ya dari lake.

Leo viti vyenyewe ndivyo vimerudi, kwa akili nyingi kuliko mota ya Castle. Mfumo wa 4DX wa Korea Kusini ulianza Seoul mwaka 2009, na mwaka huo huo kampuni ya Kanada, D-BOX, ikaingiza viti vyake kwenye kumbi za biashara. Kiti kinainuka, kinalala ubavu, kinainama mbele. Kuna mifumo inayopuliza upepo, inayonyunyiza maji, inayotoa ukungu, harufu na mimweko ya mwanga, na yenye kitu kinachokugusa nyuma ya mguu kama mjusi anapita. Wataalamu hukaa na kila filamu wakipanga kwa sehemu za sekunde kiti kiiname lini na upepo uje kutoka wapi. Ni kazi ya uangalifu mkubwa, na sina nia ya kuibeza.

Nilikaa kwenye viti vya aina hiyo Dubai, nilipokwenda kumtembelea dada yangu. Mwanawe wa miaka minane ndiye aliyetupeleka, maana kwa wiki nzima hakuwa na wimbo mwingine. Viti vilipangwa vinne vinne, kila vinne juu ya jukwaa lake. Nikakaa na mpwa wangu, baba yake, na kijana mmoja tusiyemjua. Kwenye mkono wa kiti palikuwa na kitufe cha kufunga maji, kwa asiyetaka kulowa.

"Mjomba, usizime maji," mpwa wangu aliniambia kabla hata sijakiona kitufe. "Ukizima hutaona raha."

Sikuzima. Filamu ilikuwa ya dinosaria. Gari lilipokimbia kwenye mawe, tulipigwa huku na huku kama tuko kwenye lori la mkaa. Mvua iliponyesha msituni, miwani yangu ililowa. Kila kitu kilifika kwa wakati wake, bila kosa hata moja. Nilimtazama kijana wa pembeni yangu. Alikuwa ameshika bisi yake kwa mikono miwili isimwagike, macho mbele, mdomo umefungwa. Nikageuka nyuma: watu wote ukumbini walikuwa wanapanda na kushuka kwa mpangilio mmoja, kimya, kila mmoja na tetemeko lake. Kila mtu alijua mwenzake anahisi nini, kwa hiyo hapakuwa na cha kumwuliza. Nilijikuta nautamani ubao wetu, ambao mshtuko wake ulikuwa na mwenyewe, mtu wa katikati aliyeogopa kwanza.

Halafu ikafika sehemu moja tulivu. Msichana kwenye filamu yuko jikoni, peke yake, anatafuta kitu kabatini. Hakuna muziki. Waliopanga mitikisiko hawakuwa wameweka kitu hapo, kwa sababu hapakuwa na kitu: hakuna mnyama, hakuna gari, hakuna upepo. Ni mlango tu nyuma ya msichana, uliokuwa umefungwa, na sasa uko wazi kidogo.

Mtoto fulani safu za mbele, mdogo kwa sauti yake, ndiye aliyeuona kabla yetu. Akapiga yowe moja, refu, la mtu ambaye hakumbuki tena kwamba yuko sinema. Bisi ya kijana wa pembeni yangu ikamwagika yote. Mpwa wangu alikuwa ameshanidaka mkono, kucha zimezama, na mimi nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka pamoja na ya baba yake na ya watu wa nyuma yetu, vinyweleo vimesimama hadi shingoni. Kiti changu wakati huo kilikuwa kimetulia kabisa.